Nyumba Imepoa, Abu Walid

"Barua yangu mimi," alisema Humam, kajiegemeza kwenye soba la maonyesho kana kwamba amelilipia, "inaingia nyumba ya mtu kama mgeni wa heshima. Inabisha hodi, inakaribishwa, inasema shida yake, inaondoka. Haitupwi kwenye taka wala haivunji kikombe cha mtu. Wallahi, ami, nikiandikia Irbid nzima leo, kesho Irbid nzima inaniombea dua."

Kweli mji mzima wa Irbid ulimwombea. Aina ya dua zenyewe tutaziona.

Ami aliyekuwa akimwagiwa majivuno hayo ni Abu Shadi, ambaye kwenye kitambulisho ni Daud, mwenye duka la masoba Mtaa wa Chuo Kikuu. Masoba ya gesi, ya mafuta ya taa, ya umeme, yote ya kuota moto, yamejipanga kutoka mlangoni hadi ukutani kama watu wanaosubiri mkate. Mwaka huo baridi ilikuwa imewachezea wafanyabiashara. Desemba ilifika watu bado wanatembea na mashati, na stoo ya Abu Shadi ilijaa mpaka yeye mwenyewe akawa anapita kwa ubavu.

Alishajaribu kujisaidia. Alikaa na simu yake akaandika PUNGUZO PUNGUZO PUNGUZO, akaweka picha za moto kumi na tano, akawatumia wateja wote barua pepe kwa mpigo mmoja. Barua ikaenda kwenye taka ya kila mtu, pamoja na taka yake mwenyewe. Akahamia WhatsApp, namba ikafungiwa kabla chai haijapoa.

"Mimi sijali wewe ni fundi au mchawi," alisema Abu Shadi. "Wateja wangu waliniachia anwani zao walipochukua dhamana. Wasome. Stoo ikiisha kabla theluji haijayeyuka kule milima ya Ajloun, mlango wangu uko wazi. Mlete mama yako aje anywe kahawa na mama Shadi."

Hapo ndipo moyo wa Humam ulipopiga sarakasi. Maana kijana huyu, fundi wa kompyuta, masoba hayakumhusu hata kidogo. Kilichomleta dukani kila siku, eti kuangalia kompyuta, kilikuwa kimekaa kaunta, kimevaa miwani, na kinaitwa Lujain, binti wa mwenye duka. Na mama kunywa kahawa kwa mama wa binti, kila mtu anajua ni kahawa gani hiyo: ya posa.

"Baba," alisema Lujain bila kuinua macho kwenye stakabadhi, "unaniuza pamoja na masoba?"

"Wewe? Masoba yana dhamana. Wewe nakutoa bila dhamana, asije mtu akakurudisha."

"Na huyu akishindwa?"

"Nikishindwa mimi," alidakia Humam, "nitembee Mtaa wa Chuo Kikuu nimevaa dishdasha ya babu yangu kichwa chini."

"Bora usishindwe," alisema Lujain. "Mtaa haujafanya kosa lolote."

*

Wasioijua kazi hii hudhani ni kuandika, kubonyeza, na kwenda kula falafeli. Humam alimweleza Lujain hivi: kila nyumba ya barua pepe ina bawabu mlangoni, na bawabu huyo hana huruma. Anakutazama unatoka wapi, nani anakujua, na umekuja na nani. Ukija peke yako na karatasi zako ziko sawa, anafungua. Ukija na wenzako maelfu kwa dakika moja, wote mmevaa sare na mnasema maneno yaleyale, anawasomba kama takataka.

"Kwa hiyo anwani mpya inapashwa moto kwanza," alisema.

"Kama soba."

"Kama soba! Leo barua chache, kesho zaidi kidogo, mpaka bawabu akuzoee. Na waliopata lazima wajibu, ili aone una marafiki."

Marafiki walikuwa binamu zake wa Zarqa. Aliwaandikia kila siku, nao walimjibu kila siku, na majibu yao hayawezi kuandikwa mahali ambapo watu wa heshima watasoma. Haikudhuru. Bawabu hasomi matusi, anaona tu kwamba kuna mazungumzo.

Ikaja shida ya maneno, kwa sababu bawabu huyo ana pua. Humam alijitumia barua ya kwanza ya majaribio, yenye "punguzo" juu, ikaenda kwenye taka. Akatoa "punguzo", akaacha "bei nafuu". Taka. Akatoa bei. Akatoa "nunua sasa". Akatoa picha ya soba lenye mwali mwekundu, akatoa nembo ya duka, akatoa hata "bonyeza hapa", maana neno hilo lilikuwa likinuka kuliko yote. Jina la duka na anwani, kwa kuwa lazima viwepo, alivishusha chini kabisa kwa herufi ndogo zilizofifia, ambazo mtu mwenye macho mazima angezidhania vumbi la kioo. Kila alipokata, barua ilipanda daraja. Mwishoni kulibaki neno moja tu la biashara lililopita salama, nalo ni "joto".

Lakini bawabu akishapitwa, yuko mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye ana kitufe chake cha kusema "hii ni taka", na wakikibonyeza wengi, jina lako limekufa. Humam aliumiza kichwa jioni nzima mbele ya chai ya majani ya maramia. Ni barua ya nani ambayo mwanamume wa Irbid hathubutu kuitupa? Ya serikali anaitupa. Ya benki anaitupa haraka zaidi. Ya mkewe je?

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

Barua itatoka kwa mke! Mtu anapata ujumbe kana kwamba mama watoto wake mwenyewe anamwambia nyumba ina baridi. Atacheka, atamwonyesha mkewe, mkewe atasema na kweli tuna baridi, kesho wako dukani. Na hakuna mke anayemwita mumewe "mpendwa mteja". Anamwita kwa mtoto: Abu fulani. Naye anajiita Umm fulani.

Majina ya watoto hakuwa nayo. Lakini kwani yanahitajika? Ukikutana na mtu sokoni anaitwa Khalid, humjui mtoto wake, unamwita Abu Walid na anaitika. Ibrahim ni Abu Khalil. Yusuf ni Abu Yaqub. Daud ni Abu Suleiman. Ndivyo watu walivyozoea, hata kwa asiyeoa, hata kwa mwenye mabinti watupu. Humam akaipa kompyuta kanuni hiyo: ukiona Khalid, andika Walid juu na chini, ukiona Yusuf, andika Yaqub. Barua zote zikawa tofauti, bawabu hataona sare. Barua moja ya Khalid ilisomeka hivi:

*Abu Walid, uko wapi? Nyumba imepoa. Watoto wanakuulizia. Sitaki dhahabu wala safari, nataka joto tu. Usije mikono mitupu. Njia unaijua. Kama umetuchoka, sema. Ni mimi, Umm Walid.*

"Njia unaijua" ukiigusa inakufungulia ramani ya dukani. "Kama umetuchoka, sema" ndiyo ya kujitoa usipate barua tena, maana bila mlango wa kutokea bawabu hakuelewi.

Alisoma, akacheka peke yake mpaka paka wa jirani akatoka kwenye ngazi. Lujain alikuwa kwenye mitihani wiki hiyo, na Humam hakumwonyesha. Alitaka kumshangaza. Basi.

*

Alichagua Ijumaa, baada ya swala, saa ya chakula, familia zimekaa pamoja na simu ziko karibu na sinia. Watu wa kazi hii wanasema saa hiyo barua hufunguliwa zaidi, na hawakukosea.

Barua zikatoka kwa mwendo wa kinyonga, moja moja, kistaarabu. Humam akakodolea macho hesabu. Zimefika. Zimefunguliwa. Zimefunguliwa tena, na tena, na mtu yuleyule. Kwenye taka: hakuna. Hakuna hata moja! Aliibusu kompyuta kwenye kioo ikabaki na alama ya samli.

Wakati huohuo, nyumbani kwa mwalimu mmoja aitwaye Khalid, simu iliwaka kando ya sinia la mansafu, wali na nyama ya Ijumaa. Mkewe alikuwa karibu nayo zaidi. Akapangusa vidole, akasoma. Mambo haya Humam alikuja kusimuliwa na mwalimu mwenyewe, huku mwalimu amemshika ukosi.

"Walid ni nani?" aliuliza mke.

"Walid yupi?"

"Wa Abu Walid."

"Abu Walid yupi?"

"Wewe!"

"Mimi ni Abu Qais, mke wangu. Qais si huyo hapo anakula?"

"Huyu namjua, nimemzaa. Nauliza wa kule ambako nyumba imepoa."

Mwalimu akasema labda wamekosea namba. Mke akamwambia barua pepe haina namba. Mwalimu akaichukua simu na, ili kumthibitishia mkewe mbele ya watoto kwamba hana uhusiano wowote na mwanamke huyo, akagusa "Kama umetuchoka, sema". Kompyuta ya Humam, iliyofundishwa adabu, ikamjibu papo hapo: *Tumehuzunika kukupoteza. Tutakuwa hapahapa tukikusubiri.*

Kikombe cha kwanza kuvunjika Irbid siku hiyo kilivunjika hapo.

Kulikuwa na nyumba zilizokwenda salama. Ibrahim mmoja kweli ana mtoto Khalil, na mkewe alicheka akasema, "Sijaandika mimi, ila aliyeandika ananijua. Vaa koti twende." Lakini akina Ibrahim wa namna hiyo walikuwa wachache. Kuna mfamasia kapera, Yusuf, ambaye mama yake alilia kwa furaha: "Yaqub! Nina mjukuu anaitwa Yaqub na mmenificha!" Akaanza kumfumia sweta. Mwanawe aliapa hana mke, hana mtoto, hana hata mchumba. Mama akamwambia asimkane mtoto, mtoto hana kosa, ila amletee amwone.

Humam alikuwa bado anacheza ngoma ya dabke peke yake chumbani simu ilipolia.

"Humam, mwanangu," ilisema sauti ya kunong'ona.

"Ami Abu Shadi! Umeona hesabu? Hakuna hata moja kwenye taka!"

"Niko chooni."

"Pole, ami. Ni tumbo?"

"Siumwi! Nimejifungia. Mama Shadi yuko nje na mwiko wa mansafu. Kuna mwanamke ameniandikia anaitwa Umm Suleiman."

Dabke ikamfia Humam mguuni. Daud. Mzee alipofungua duka alijiuzia soba la kwanza mwenyewe, kwa baraka, akajiandikia dhamana. Anwani yake ilikuwa humo na za wengine.

"Ami, ile... ile ni barua yetu. Ni tangazo."

Maji yakadondoka mahali.

"Tangazo la nini?"

"La masoba."

"Neno soba liko wapi humo?"

"Nililitoa. Lilikuwa linanuka."

Kilichofuata ni ile sehemu ya kwanza ya dua tulizoahidiana.

*

Jumamosi asubuhi Humam alifika dukani mapema akidhani atamkuta Abu Shadi peke yake. Alikuta wanawake. Walikuwa wamejaa kuanzia ngazini, kila mmoja na simu mkononi, kila mmoja amegusa "Njia unaijua" na kufuata ramani hatua kwa hatua mpaka kwenye makao ya mke mwenza. Waume zao walikuwa ng'ambo ya barabara, wamesimama kwa makundi wakivuta sigara kama watu wa msibani.

"Anaishi ghorofa ya juu," alisema mmoja.

"Juu kuna daktari wa meno," alisema mwingine.

"Basi ndiye daktari wa meno! Mume wangu ameng'olewa mawili mwezi huu."

Katikati ya masoba alisimama Umm Shadi, mama wa Lujain, mwanamke mpana, mpole siku zote isipokuwa hiyo, na pembeni yake Abu Shadi amekunjamana kama shati lililolaliwa. Lujain alikuwa kaunta. Mitihani ilikuwa imekwisha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika sinema kwa wakati.

"Mabibi," alisema Abu Shadi, "nimeshawaambia ni tangazo. Tangazo la duka! Angalieni chini kabisa, kuna jina langu."

Wakavuta vioo kwa vidole, wakaona lile vumbi, wakasoma. Pakapoa kidogo. Mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo na dada yake.

"Sawa, tangazo," alisema mke wa mwalimu. "Nani kaliandika, tumpongeze?"

Macho yote yakageuka. Humam aliona mikoba ikibadilishwa kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Aliona Lujain akimtazama. Aliona, juu ya yote, Umm Shadi akipandisha mkono wa gauni.

"Mashine," alisema Humam.

"Mashine?"

"Akili ya mashine, khala, mama yangu. Siku hizi zinaandika zenyewe. Mimi niliiambia tu neno moja, 'joto', nikaenda zangu kulala. Hayo mengine imeyatunga yenyewe. Mimi mtoto wa watu ningeyajulia wapi? Mimi ningeandika 'mpendwa mteja'."

Aliisema vizuri, kwa huzuni, mkono kifuani. Wanawake wakatikisa vichwa, wakailaani mashine, wakailaani na dunia inayokwenda. Na kwa kuwa walishafika, na asubuhi ile hewa ilikuwa imeanza kuuma kweli, na waume walikuwa pale ng'ambo tayari kununua chochote, ikatokea kitu ambacho hakuna bawabu angekitabiri. Mke wa mwalimu aliashiria soba kubwa la gesi kwa kidole. Mwalimu akavuka barabara mbio. Mwingine akachukua mawili, moja la sebuleni na moja la kuombea msamaha. Mama wa mfamasia alichagua dogo la umeme, la chumba cha Yaqub. Siku chache baadaye theluji ikaanguka, na stoo ya Abu Shadi ikabaki na ufagio.

Hiyo ndiyo habari njema. Mbaya ilikuwa nyumbani kwake.

"Mashine haiwezi," alisema Umm Shadi.

"Mama Shadi, mtoto amesema..."

"Mtoto hajui. Mashine inaweza kusema 'nyumba ina baridi'. Haiwezi kusema 'nyumba imepoa, watoto wanakuulizia'. Mashine haijawahi kulala peke yake. Haya kayaandika mwanamke, Daud, na ni mwanamke aliyengoja mume usiku mwingi. Ulimlipa nani akuandikie? Na anakujuaje mpaka anakuita Abu Suleiman?"

Mzee alikula dengu za jana kwa muda mrefu, maana mkewe aligoma kumpikia. Alimwambia Humam wazi: ahadi ni ahadi, mlete mama yako. Lakini mama Shadi amekula yamini kwamba hatamtoa binti, kwa yeyote yule, kabla hajamjua mwanamke huyo. "Na ukweli wenyewe, mwanangu, kwa sasa mimi nyumbani sina kura."

Humam angeweza kusema hapohapo, "Ni mimi." Alilifikiria hilo. Kisha akaukumbuka mkono wa gauni ukipanda, akaona heri mashine iendelee kubeba lawama. Mashine haiposi.

*

Umm Humam alivaa thobe lake la hariri lenye nakshi nyekundu, akabeba sinia la tamutamu za kunafa ambalo mwanawe alilisindikiza mpaka sebuleni kwa akina Abu Shadi. Walikaribishwa kwa heshima zote. Soba lilikuwa likinguruma. Lujain akaja na kahawa, akampa mgeni kikombe, na Umm Humam akakiweka mezani bila kuonja, kama inavyopasa.

"Kahawa yetu hiyo, mama Humam," alisema Umm Shadi.

"Nitainywa, Mungu akipenda, nikijibiwa nililolijia. Nawaombea mkono wa binti yenu kwa mwanangu."

Umm Shadi akashusha pumzi. "Mwanao ni mtoto wa adabu, sina neno naye. Na binti, nikimwangalia, naona naye hana neno." Lujain akapata shughuli ya ghafla kwenye pazia. "Lakini mimi, dada yangu, nina jambo kifuani. Siwezi kufunga ndoa ya mwanangu wakati yangu inavuja. Wewe ni mwanamke mwenzangu. Nisikilize, kisha uniambie kama ni mashine iliyoandika haya."

"Khala," alisema Humam haraka, "si lazima tumchoshe mama..."

"Nyamaza wewe," walisema wanawake wote wawili.

Umm Shadi akavaa miwani, akafungua simu. "*Abu Suleiman, uko wapi? Nyumba imepoa. Watoto wanakuulizia.*"

Umm Humam aliinua kichwa.

"*Sitaki dhahabu wala safari...*"

"*...nataka joto tu*," alimalizia Umm Humam. "*Usije mikono mitupu.*"

Soba peke yake ndilo lililoendelea kunguruma. Abu Shadi alitazama mgeni, akatazama mkewe, akaonekana mtu anayepima umbali wa choo. Humam alikuwa akiichunguza nakshi ya zulia kwa bidii ya mnunuzi.

"Unaijua?" alisema Umm Shadi polepole, na mkono wa gauni ulikuwa umeshaanza safari.

"Naijua? Ni yangu! Maneno hayo yametoka ubavuni mwangu! Abu Humam alipokuwa akiendesha lori kule Tabuk, ng'ambo ya mpaka, miaka ile, hayo ndiyo niliyokuwa nikimwandikia kila baridi ikiingia. 'Nyumba imepoa, Abu Humam, watoto wanakuulizia.' Alikuwa akisema akiisoma hawezi kula." Mama wa watu uso ulimng'aa, akamgeukia mwanawe kwa mapenzi. "Kumbe ndiyo maana ulinifuata jikoni na kalamu, habibi? 'Mama, ulikuwa ukimwandikia baba nini mpaka anarudi mbio? Sema polepole niandike.' Mimi nikadhani mtoto anataka kumwandikia mchumba, nikampa yote, hata la dhahabu! Wewe ukaenda kumtumia Abu Shadi?"

"Na mji mzima, khala," alisema Lujain.

"Na mji mzima!"

Abu Shadi alikuwa ameshasimama, mikono juu, kama timu yake imefunga. "Umesikia, mama Shadi? Umesikia kwa masikio yako? Nimelala na kukaa kwa dengu za jana, na Umm Suleiman mwenyewe ndiye huyu, ana ndevu!"

Umm Shadi alimtazama Humam kwa muda mrefu. Mabega yake yalianza kutikisika, na Humam hakujua kama ni kicheko au ni maandalizi, mpaka mama huyo alipovua miwani na kufuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nilisema mimi! Nilisema ni mwanamke aliyengoja mume!" Akaisogeza kahawa kwa vidole viwili mbele ya mgeni wake. "Kunywa, dada yangu. Kunywa, kwa jina la Mungu, binti ni wenu. Lakini huyo wako asipewe hata tone."

Umm Humam akanywa. Lujain alikuwa ameshakimbilia jikoni, na kutoka huko sauti ya vigelegele ilianza, ikakatika kwa kicheko, na Lujain akajitokeza na sinia, akasimama mbele ya Humam ambaye macho yake bado yalikuwa kwenye zulia.

"Na mashine yetu je," aliuliza, "tuiletee nini? Inakunywa umeme?"